Likizo ya Watoto Pwani ya Bagamoyo



Mwaka jana, siku chache baada ya shule za Kongo kufungwa, mwalimu mwenzangu wa Kalemie alibisha hodi nyumbani kwangu hapa Bagamoyo, pamoja na mke wake na watoto wao wanne. Tulikuwa tumejuana kwa barua tangu siku za seminari, lakini hatukuwa tumepata kukaa meza moja. Walivuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakapanda treni ya Dar es Salaam, safari ya kilometa zaidi ya 1,200, kisha wakashika barabara ya kaskazini kilometa zipatazo 70 mpaka kwetu. Walifika wamechoka, na mavumbi ya njia mwilini. Lakini binti wao mdogo, mwenye umri wa miaka sita, alikataa uji. Aliniambia, «Papa Mwalimu, kwanza bahari.»

Basi tulikwenda. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulipotokea ufukoni, mtoto alisimama kimya, akatazama mchanga uliolowa, matope, na mashua zilizolala ubavu kama ng'ombe mchana. Maji yalikuwa mbali kabisa, mstari mwembamba tu wa buluu. Akauliza, «Maji yameibwa?»

Sisi sote tulicheka. Mimi nikamjibu, «Hayakuibwa, yatarudi,» nikaishia hapo. Mtaona baadaye kwamba jibu lile fupi lilikuwa kosa langu kubwa. Mimi ni mwalimu, nilizaliwa katika mji huu, na kwa ajili hiyo nilisahau kwamba jambo nililolijua tangu utotoni mgeni hawezi kulijua asipofundishwa.

Nawaandikia ninyi wazazi na wanafunzi mnaofikiri kuja pwani wakati wa likizo, ili mjue mambo yanayoweza kufurahisha jamaa nzima bila kutumia fedha nyingi, na pia yale yanayohitaji uangalifu.

SAA YA BAHARI

Watu wa ziwani mmezoea maji yanayokaa mahali pake. Ziwa linaweza kuchafuka kwa upepo, linaweza kupanda mwaka wa mvua nyingi, lakini halikimbii asubuhi na kurudi jioni. Bahari sivyo. Mwezi na jua huyavuta maji yake, na hapa kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Tangu kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita na dakika chache, na kila siku wakati wake huchelewa karibu dakika hamsini. Kama leo maji yamejaa saa tisa alasiri, kesho yatajaa karibu saa kumi kasoro dakika kumi.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji huenda mbali sana, tena hurudi kwa nguvu. Wakati huo tunauita bamvua. Siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa yaweza kupita meta tatu, yaani marefu kuliko watu wawili wa wastani wakikaa mmoja begani kwa mwingine. Mwezi unapokuwa nusu, maji huenda kidogo na kurudi kidogo. Hayo tunayaita maji mafu.

Mambo haya ningalimweleza mgeni wangu siku ile ya kwanza. Sikumweleza.

Kesho yake mwezi ulikuwa mpevu. Mimi nilikuwa na shughuli shuleni, naye akawachukua wavulana wake wawili, wa miaka kumi na miwili na wa miaka tisa, wakaenda matembezi. Maji yalikuwa yamepwa, na mbele yao fungu la mchanga lilikuwa limetokea, jeupe na safi. Wakavuka kijito cha maji yaliyofika vifundoni, wakapanda juu ya fungu, wakaanza kuokota makombe na kufukuza kaa. Baba alikuwa akitazama mbele, upande wa bahari kuu, akaona maji bado yako mbali. Hakujua kwamba maji yanaporudi hayaji mbele tu. Kwanza huingia kwenye mikondo, nyuma ya fungu, kimyakimya. Tena hayaji kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huja polepole, lakini saa ya tatu na ya nne huja mbio.

Alipogeuka nyuma, yapata saa sita na nusu, kile kijito kilikuwa mto. Yeye mwenyewe anajua kuogelea. Mtoto wa miaka tisa hakujua. Akamweka mdogo mabegani, akamshika mkubwa mkono, akaingia. Maji yakamfika kifuani, na mkondo ukaanza kumsukuma. Akarudi juu ya fungu, lililokuwa likipungua. Aliniambia baadaye, «Ndugu yangu, sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, Mungu wangu, watoto hawa.»

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akirudi na ngalawa yake. Aliwaona, akageuza tanga, akawachukua wote watatu. Alipofika ufukoni, mgeni wangu alitia mkono mfukoni kutafuta fedha. Mzee akakataa. Akauliza tu, «Umefikia kwa nani?» Alipotajiwa jina langu, alitikisa kichwa, akasema, «Mwambie mwenyeji wako kwamba mgeni hapewi chakula tu. Hupewa na habari za maji.»

Maneno hayo nililetewa jioni ile, mbele ya mke wangu na watoto wangu. Sikuwa na la kujibu. Nikaomba radhi kwa mgeni wangu na mkewe, na kesho yake asubuhi nikaenda kumwamkia yule mzee na kumshukuru.

Basi wazazi, shikeni hili kabla ya yote: mkifika pwani, msiingie majini kabla ya kumwuliza mwenyeji maji yatapwa saa ngapi na kujaa saa ngapi. Mkienda mbali juu ya mchanga, anzeni kurudi mara maji yanapogeuka, msingoje kuyaona. Wala mtoto asiende peke yake, hata kama anajua kuogelea ziwani.

MAMBO YA KUFANYA MAJI YAKIPWA

Msidhani kwamba baada ya hofu ile tuliwafungia watoto nyumbani. Siku ya tatu mke wangu aliwachukua wote, wa kwetu na wa Kalemie, pamoja na mama yao, wakaenda kutembea maji yakipwa, na mara hii walirudi kwa wakati. Hakuna shule iliyo nzuri kuliko ufuko uliokauka. Katika vidimbwi vilivyobaki mtoto huona samaki wadogo kama kidole, na kaa anayekaa ndani ya kombe la mwingine kama mpangaji. Huwaona akina mama wakichimbua chaza kwenye mchanga kwa ajili ya kitoweo.

Kuna adabu zake. Kombe lenye mwenyewe ndani liachwe mahali pake. Jiwe lililopinduliwa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa maana chini yake kuna nyumba ya viumbe wengi. Miguuni vaeni viatu vya mpira, kwa sababu kuna mnyama wa duara mwenye miba myeusi kama ya nungunungu, naye akikanyagwa humliza mtoto siku nzima. Na mnapotembea katika maji mafupi, burutani miguu mchangani, msiinyanyue. Samaki aitwaye taa hujifukia chini, ana mwiba wenye sumu mkiani, lakini akisikia mtikisiko hukimbia mwenyewe.

Kuoga ni afadhali maji yakiwa yanajaa au yamejaa, kwa maana yanakuwa karibu, tena chini kuna mchanga mlaini. Epukeni jua la saa sita. Mama wa Kalemie alidhani upepo wa baridi wa kusi, unaovuma miezi ya Julai na Agosti, huzuia jua kuunguza. Mgongo wa binti yake mdogo ulimfundisha kwamba sivyo.

Tena kumbukeni kwamba wenyeji wengi wa mji huu ni Waislamu, watu wapole na wakarimu sana. Nguo za kuogea ni za majini. Mtu akitoka majini na ajifunge kanga au avae nguo zake kabla ya kupita mitaani. Watoto wawaamkie wazee kwa «Shikamoo.» Neno hilo moja litawafungulia milango mingi kuliko fedha.

SOKO LA SAMAKI NA NGALAWA

Asubuhi moja tulikwenda sokoni ufukoni kuangalia mnada wa samaki. Mashua huingia, samaki humwagwa chini mafungu mafungu, naye mnadi huanza kupaza sauti. Watoto wa Kalemie, waliozoea ndagaa na migebuka, waliona changu, tasi, nguru, na pweza mwenye mikono minane. Kijana mkubwa aliuliza kwa nini bei ya fungu lilelile ilipanda mara nne. Hapo baba yake akamfundisha hesabu za biashara bila ubao wala chaki. Tulinunua changu wawili, mama wawili wakawapika kwa nazi, tukala na wali. Mama wa Kalemie alisema samaki wa bahari ana ladha ya chumvi hata kabla ya kutiwa chumvi. Mke wangu akamjibu kwamba siku atakapokuja Kalemie ataonja migebuka ndipo atoe hukumu. Wameahidiana hivyo.

Siku nyingine yule mzee mvuvi alituchukua katika ngalawa. Ngalawa ni mtumbwi wa gogo moja wenye tanga, na pande mbili umefungiwa mbao ziteleazo juu ya maji ili usipinduke. Mara hii tulimlipa, naye alikubali, kwa maana hiyo ilikuwa kazi. Tulisafiri asubuhi, kabla upepo haujazidi. Hapa pia mzazi awe mkali: mtoto asipande chombo bila vazi la kuelea, na mwenye chombo akisema leo bahari si nzuri, msimbembeleze. Yule wa miaka tisa alipanda akitetemeka. Mzee akamketisha karibu naye, akamshikisha usukani, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Tuliporudi hakutaka kushuka.

KAOLE NA MIKOKO

Kusini ya mji, mwendo wa kilometa zipatazo tano, yako magofu ya Kaole. Ni mji wa kale wa Waswahili, na msikiti wake wa zamani ni wa karne ya 13. Hapo pana makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo ndefu. Watoto wapite polepole na kwa heshima, kwa maana ni mahali pa wafu, nao ni wafu wa jirani zetu.

Hapo zamani vyombo vilitia nanga Kaole, lakini sasa ufuko umejaa mikoko na bahari imejitenga. Mikoko ni miti inayoota ndani ya maji ya chumvi, mizizi yake imesimama juu kama miguu ya buibui. Katika mizizi hiyo kamba na samaki wadogo hujificha mpaka wakue, na mizizi hiyo hulinda nchi isiliwe na mawimbi. Kwa hiyo mtu akatae mikoko hovyo kwa kuni na mkaa huwanyima watoto wake kitoweo cha kesho. Tulimwona na samaki mdogo wa ajabu arukaye juu ya tope na kupanda mizizi. Binti mdogo alimwita «samaki aliyechoka kuogelea.»

NJIA YA BABU ZETU

Siku ya Jumapili tulisali Misa, na baada ya Misa tulitembea katika viwanja vya misioni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na msalaba uliopo ufukoni unakumbusha kufika kwao. Upo mbuyu wao mkubwa, ambao watoto hupenda kuona kipande cha mnyororo kilichomezwa na gamba lake. Husimulia kwamba bibi mmoja alimfungia punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa, na mti ukaendelea kunenepa. Upo pia mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwezi wa Februari 1874. Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliubeba kwa miguu kutoka kusini ya ziwa Bangweulu, safari ya miezi mingi, wala hapakuwa na mtu wa kuwalazimisha.

Kisha tuliingia katika nyumba ya makumbusho. Humo imo minyororo mingine, nayo haikufungiwa punda. Kijana wa miaka kumi na miwili aliitazama muda mrefu, akaniuliza, «Papa Mwalimu, watu hawa walitoka wapi?»

Nilimtazama baba yake, akaniashiria niseme. Nikasema, «Wengi walitoka bara, na wengine ng'ambo ya ziwa lenu, Manyema na Marungu. Walivushwa ziwa mpaka Ujiji, wakapitishwa Tabora, wakafika hapa, ili wavushwe Unguja kuuzwa. Wapagazi waliochukua pembe za ndovu walipita njia hiyohiyo. Babu wa babu yangu alikuwa mtoto wa Manyema. Alifika hapa mdogo kuliko wewe. Mapadri walimkomboa, akakulia katika kijiji cha Wakristu cha misioni hii. Jina alilopewa na mama yake hatulijui mpaka leo.»

Mgeni wangu hakuwa na habari hiyo. Alikaa kimya, kisha akasema, «Basi sisi tumekuja kwa treni kwa siku mbili, njia ambayo wao waliitembea kwa miezi.» Ni kweli, kwa maana reli ile, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara ya zamani. Na mwaka 1878, mwezi wa Juni, msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka Bagamoyo kwa njia ileile kwenda bara. Mwezi wa Januari 1879 walifika Ujiji, na mwaka 1885 walikuwa wamekwisha kushika Mpala, katika nchi ya Kalemie. Njia iliyoteremsha watumwa ndiyo iliyowapelekea Wakongo wa ziwani Injili.

Wazee hueleza jina la mji huu kuwa ni «bwaga moyo.» Wengine husema ni maneno ya mtumwa aliyekata tamaa alipoona bahari. Wengine husema ni maneno ya mpagazi aliyetua mzigo na kupumzika. Mimi siwezi kuhukumu. Huenda wote wawili waliyasema.

Mama wa Kalemie aliniuliza kama ni vema kuwaonyesha watoto mambo ya huzuni wakati wa likizo. Nilimwomba angoje mpaka jioni. Jioni maji yalikuwa yamejaa, na watoto wote, wa kwetu na wa kwao, walikuwa wakirukaruka katika mawimbi, pale pale ambapo watoto wengine walisimama zamani wakiwa wamefungwa shingo. Yule kijana mkubwa alikuwa akimfundisha mdogo wake kuelea, amemshika mgongo, hamwachii. Mama yake alitazama, akasema, «Ni vema walijue.» Sisi watu wazima tukaketi juu ya mchanga, tukinywa madafu.

KUONDOKA

Walikaa siku kumi na mbili. Siku ya mwisho yule mvulana wa miaka tisa alinionyesha daftari lake. Kila siku alikuwa ameandika saa ya kujaa na saa ya kupwa, na pembeni amechora mwezi. Alikuwa amekosea mara moja tu. Baba yake alitaka kulitia sandukuni, mtoto akakataa, akasema atalipeleka kwa yule mzee mvuvi alikague. Tukaenda. Mzee, ambaye hajui kusoma, alimwomba amsomee, akasikiliza siku zote kumi na mbili mpaka mwisho. Kisha akasema, «Sawa. Sasa unaweza kutembea.»

Wazazi wapenzi, si kila jamaa inaweza kufika pwani, na nauli si ndogo. Lakini mkijaliwa, njoni, hasa miezi ya Julai na Agosti, ambapo mvua zimekwisha na joto limepungua. Chukueni vyandarua, kofia za watoto, na viatu vya mpira. Msiwaachie watoto ufuko nanyi mkaketi hotelini. Ingieni majini pamoja nao, ulizeni pamoja nao, kosoeni na kukosolewa. Na mkifika, kabla ya kufungua mizigo, mwulizeni mwenyeji wenu habari za maji. Akisahau kuwapa, mkumbusheni kwamba mwalimu mmoja wa Bagamoyo alisahau pia.